Ngata Mbili

"Vua kilemba, Hakimu, tuanze. Leo nimekuja na kichwa kitupu."

"Lini uliwahi kuja nacho kikiwa na kitu?" alijibu Naghenjwa Mmbaga, na tayari vidole vyake vilikuwa vinafungua fundo la kilemba kisogoni.

Ndekirwa Kileo alicheka, akajitupa kwenye kiti cha pili. Alikuwa Mchaga wa Marangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki za umeme pale Moshi, mtu mpana mwenye sauti ya mnadani. Naghenjwa alikuwa Mpare, na alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kule milimani mpaka saratani ya titi ilipomwondoa kitini. Sasa ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Dawa zilikuwa zimemmaliza nywele zote, na kile kichwa kilichong'aa kilimfurahisha Ndekirwa kupita kiasi.

"Mungu mwema. Nimesahau kioo nyumbani, nitajitazama hapo."

"Jitazame vizuri. Hicho kidevu kimeanza kufanana na cha nguruwe wa mjomba wako."

Mhudumu wa hospitali aliwavisha ngata. Zilikuwa pete mbili nene za kitambaa cha kijivu zilizoshonewa nyuzi za metali ndani, na kwa kuzitazama tu ungeelewa jina lilikotoka, maana zilifanana kabisa na zile wanazoweka akina mama chini ya ndoo. Waya ulitoka kwenye ngata ya Naghenjwa, ukapita kwenye kisanduku chenye taa, ukaishia kwenye ngata ya Ndekirwa. Taa ilikuwa nyekundu.

"Endeleeni," mhudumu alisema. "Bado."

Sheria ya ngata ni moja: anayepokea ndiye anayechokoza, anayetua mzigo ndiye anayecheka. Na kicheko kiwe cha kweli. Cha kujilazimisha mashine inakijua.

"Unajua kwa nini Wapare hawaogopi kufa?" Ndekirwa aliuliza. "Wameambiwa kule kuna hukumu. Mpare akisikia hukumu, anauliza viatu viko wapi awahi kiti cha mbele."

Naghenjwa alibana midomo, ikashindikana. Kicheko kilimtoka tumboni, taa ikageuka kijani, mzigo ukaanza kuhama.

Ulianzia nyuma ya macho. Mambo yaliyomkalia tangu alipoamka yaliondoka moja moja: binti yake Nakunda akifunga mlango wa nyumba isiyo na mtu, udongo, yale maumivu ambayo daktari alisema yatadhibitiwa huku akitazama pembeni. Hayakufutika, aliyakumbuka yote. Ila yaligeuka kuwa habari za mtu mwingine, za kusikitisha, za kuongelewa kidogo na kuachwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sasa Naghenjwa aliweza kuutazama wa kwake kwa jicho hilohilo.

Ndekirwa alikuwa amefumba macho, ameshika mikono ya kiti.

"Mzito leo?" Naghenjwa aliuliza.

"Uzito utoke wapi? Bahili hata hofu anaitoa kwa kijiko."

Alisema hivyo, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

*

Kabla ya ngata, Nakunda alihangaika na mama yake mpaka akachakaa. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Hali, hasemi, akisalimiwa haitikii. Hospitali ilikuwa na mshauri nasaha mmoja kwa mikoa mitatu, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko maisha ya wengi waliopanga. Walipewa programu ya simu yenye sauti ya upole iliyomwambia mgonjwa avute pumzi na awaze mahali penye amani. Mama aliirusha simu dirishani. Mchungaji alikuja, akaomba kwa machozi. Wanakwaya wenzake walikuja wakamwambia jipe moyo, na Naghenjwa, ambaye siku nyingi hakuwa ametamka neno, aliwauliza huo moyo unauzwa duka gani. Wakaondoka wakifarijiana kwamba angalau amesema.

Kisha wodini mtu akamwuliza Nakunda, "Mama yako kabila gani?"

Nakunda alikuja juu, maana swali hilo halikuwa limeulizwa hospitalini tangu enzi za mababu. Ikabidi akalishwe na kuelezwa. Wataalamu walikuwa wamejua muda mrefu jinsi ya kuhamisha hofu kutoka ubongo mmoja hadi mwingine. Kilichowashinda ni kumpata wa kuipokea. Ukimpa mtu baki, haipiti, taa inashinda nyekundu. Ukimpa ndugu, inapita vizuri sana, lakini ikifika jioni imezaa, na sasa wanalia wawili. Wakakwama hapo miaka, mpaka mmoja wao alipofiwa na baba. Kule msibani alimwona mtani akishuka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo wa marehemu, akisema mzee alikuwa mchoyo na huyu jogoo ndiye shahidi. Mama yake, mjane wa siku mbili, alicheka mpaka akashikwa. Yule mtaalamu hakungoja hata arobaini ya baba yake. Alirudi maabara na watani wawili, taa ikawa kijani mara ya kwanza.

Mtani yuko karibu kiasi cha kukutukana, na yuko mbali kiasi cha kutokulilia. Mashine ilikuwa inatafuta mtu wa namna hiyo. Hospitali zikafungua Dawati la Watani, na Naghenjwa, kwa kuwa Mpare, akatafutiwa Mchaga, mtani wao wa tangu zamani.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, kwa kadiri miezi ya mgonjwa inavyoweza kuwa. Naghenjwa alirudi kwaya na kugombana na mwalimu juu ya sauti ya pili. Alisimamia mipango ya harusi ya Nakunda, akakataa rangi mbili za sare. Mifupa iliuma vilevile. Dawa ziliendelea kuletwa na vile vindege visivyo na rubani, vikitua uani na kutawanya kuku. Alijua kwamba atakufa kama alivyojua bei ya sukari imepanda, jambo baya ambalo mtu analizungumza kisha anaendelea na shughuli zake.

Aliyebadilika ni Ndekirwa. Kwanza aliacha kukaa kunywa chai baada ya kazi. Kisha utani wake ukaanza kujirudia. Ule wa hukumu na viatu aliuleta tena, na taa ilichukua muda kugeuka. Shati likaanza kumpwaya mabegani.

"Mchaga, umefunga?" Naghenjwa alimchokoza siku moja. "Au umegundua chakula kinaweza kuuzwa badala ya kuliwa?"

Ndekirwa alimtazama kwanza, kisha akakumbuka kwamba hapo anatakiwa kucheka.

Wiki iliyofuata hakuja. Dawati la Watani likasema ana malaria. Naghenjwa alikuwa amesikiliza mashahidi wa uongo maisha yake yote, na huyu wa Dawati hakuwa hata mzuri. Asubuhi alipanda treni ya umeme kutoka Same. Pande zote mbili za reli, palipokuwa na mkonge zamani, vioo vya kuvunia jua vilimwaka machoni mpaka Moshi.

Duka lilikuwa limefungwa. Nyuma ya nyumba alimkuta mwanamke mwembamba akikata majani ya ng'ombe kwa panga.

"Karibu, mama Nakunda," yule mwanamke alisema kabla ya kuambiwa lolote.

"Tunajuana?"

"Wewe hunijui. Mimi ni Aikande, mke wa Ndekirwa. Mimi nakujua sana."

"Yuko wapi?"

Aikande alionyesha kwa kidevu. Kutoka kwenye bafu la uani ilisikika sauti ya maji yakimwagika kutoka bombani, na hakukuwa na sauti ya mtu anayeoga.

"Anafungulia maji ili watoto wasimsikie," alisema. "Kila asubuhi anajibinya kifuani na kwapani, anatafuta uvimbe. Hana uvimbe, dada. Nimempeleka kupimwa mara ngapi! Juzi alimwita binti yetu kwa jina la Nakunda wako. Akamshika mikono, akamwomba msamaha kwamba anamwacha peke yake. Mtoto alinikimbilia anatetemeka."

"Lakini mzigo unayeyuka," Naghenjwa alisema. "Tuliambiwa mtani mzima ukimtua, ndani ya wiki umeyeyuka."

"Unayeyuka mgonjwa akipona." Aikande aliweka panga chini. "Asipopona, kuna uzi unabaki kati yenu. Hofu yako kila ikizaliwa, hata ndogo, hata usiyoijua, inapita kwenye uzi inamfuata. Walimwambia. Wakasema anaweza kuacha kupokea akitaka, ila uliokwisha kumwingia hautoki, mpaka..."

Naghenjwa alimngoja kama alivyozoea kuwangoja mashahidi, kisha akamsaidia.

"Mpaka nife."

"Mimi ni mtu wa kanisa, dada." Machozi yalikuwa yanamtoka Aikande na sauti yake haikubadilika. "Sijawahi kumwombea binadamu mabaya. Lakini siku hizi nikipiga magoti, najikuta namwuliza Mungu wewe umebakiza siku ngapi. Nisamehe. Nimeona bora ulisikie kwangu."

Naghenjwa alijua kwamba hapo alipaswa kusikia uchungu, na aliutafuta. Alipata huruma kidogo na aibu kidogo, vyepesi vyote. Uchungu wenyewe ulikuwa bafuni kwa watu, nyuma ya mlango wa bati.

*

"Kwa nini sikuambiwa?" alimwuliza Dokta Kokusima, mkuu wa kitengo cha ngata.

"Mgonjwa akiambiwa, hatui mzigo, mama. Tuliwaambia wa kwanza. Walikataa kutua, wakageukia ukutani, wakafa kabla ya siku zao. Na watani hatuwafichi. Ndekirwa alijua, akasema mtani hakimbii msiba."

"Mtu anatumikia kifungo changu, na mimi hamkuniita hata mahakamani." Sauti yake ilikuwa ile ya kitini. "Mgawieni mwingine basi. Wachaga wamejaa."

"Wamejaa, lakini wa chini ya miaka hamsini hawajui hata mtani wao ni nani. Tunawaleta, wanasoma vichekesho kwenye simu, taa inabaki nyekundu. Wanaojua utani kwa moyo tumeshawatwika wote."

"Basi nirudishieni wangu."

Daktari alisema waya unapitisha pande zote mbili. Alisema ili uzi ukatike, mzigo wote lazima urudi kwa mkupuo mmoja, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuomba hilo. Alisema tena, akichagua maneno, kwamba hautarudi kama ulivyoondoka, umeishi kichwani mwa mtu, umekula humo na umekua.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Naghenjwa alimjibu. "Maiti hapa ni mimi. Mwiteni."

Alitoka ofisini ameinua kichwa. Nakunda, aliyekuwa akingoja nje, alimkumbatia huku akilia, akamwambia hajawahi kuona mtu jasiri kama yeye. Masikini Nakunda. Ni rahisi kuwa jasiri hofu yako ikiwa kichwani mwa mtu mwingine, na siku ile hakuna aliyelifikiria hilo, Naghenjwa mwenyewe akiwa wa kwanza.

*

Ndekirwa aliletwa na mkewe. Aikande alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu na amebeba chupa kubwa ya mtori wa ndizi na nyama. Alikuwa amedamka kuupika, maana kwao mtori ni chakula cha mzazi na cha mgonjwa anayepata nafuu, na leo mumewe angepata nafuu. Alimpa Naghenjwa mkono, akaushikilia. Kisha akabaki kwenye benchi la nje pamoja na Nakunda, mlango ukafungwa.

"Sitaki," Ndekirwa alisema akiwa amesimama. "Msiba haukimbiwi."

"Hukimbii. Nakufukuza."

Akakaa. Mhudumu alipompa ngata, aliipokea kwa mikono miwili na kujivika mwenyewe, upesi, kama mwenye kiu aliyeona kikombe. Naghenjwa aliiona ile haraka, na hakumlaumu.

Leo yeye ndiye wa kuchokoza. Alimtazama mtani wake, mashavu yaliyoingia ndani, macho yaliyochimbika.

"Mchaga," alisema, "nirudishie kitu changu kabla hujakiwekea bei na kuniuzia mwenyewe."

Ndekirwa aliguna. Mguno ukageuka, mabega yakaanza kuruka, na kikatoka kicheko kile cha zamani, cha mnadani. Taa ikawa kijani.

Mwanzoni Naghenjwa aliona anaweza. Aliona baridi nyuma ya macho, akaipokea, akajiambia ni hii tu. Alimwona Ndekirwa akivuta pumzi ndefu, damu ikirudi usoni, mtu akiamka mbele ya macho yake.

"Aikande yuko nje?" Ndekirwa aliuliza, na alikuwa anatabasamu. "Hivi duka nani amefungua?"

Kisha ukaja wenyewe. Alijiona ndani ya sanduku, akiwa na akili zake zote. Alimsikia Nakunda akimwita na hakuwa na mdomo. Aliyajua maumivu yatakayokuja, kila mfupa na zamu yake. Na vilikuwamo vitu ambavyo hakuwa amevitua yeye: watoto asiowazaa wakimwita baba, bafu, maji, mkono ukitafuta kwapani na leo umepata. Hapakuwa na mahali pa kusimama. Hapakuwa na mtu anayeitwa Naghenjwa wa kuvumilia, kulikuwa na kuogopa tu, na hakukuwa na mwisho.

"Acha," alisema.

"Kaza moyo, mama," daktari alisema. "Tumefika robo."

"Acha! Acha, acha, acha!"

"Zima, daktari," Ndekirwa alisema.

Taa ikazimika. Ile robo ilibaki ndani yake. Naghenjwa alikuwa amejikunja kitini, kucha zimezama kwenye ngozi ya kiti, na alisikia mtu akilia kama mnyama kabla ya kujua ni nani.

"Uko salama," daktari alisema, amepiga magoti. "Tutapumzika, kisha tumalizie. Au tuishie hapa. Hata robo ni nafuu kwa Ndekirwa. Ukikaa nayo siku chache..."

"Utoe."

"Mama?"

"Mtwike tena." Miaka yote ile kitini hakuwahi kumsihi mtu. Alimgeukia Ndekirwa. "Mtani, nakuomba. Nakuomba. Nipokee."

Ndekirwa alikuwa anatazama mlangoni. Mlango ule haukupitisha sauti, ila kwenye kioo chake Aikande alionekana akiongea na Nakunda, na nyuso zao zilikuwa za furaha. Angeweza kuivua ile ngata na kutoka, na hakuna sheria ambayo ingemrudisha, Naghenjwa alilijua hilo kuliko wote mle ndani. Alimwona akiinua mkono kuelekea kichwani. Alimchukia, Mungu amsamehe, alimchukia kwa ule mkono, na alimchukia mwanamke wa nje kwa kuwa hai na kuwa na mume wa kumngoja.

Mkono wa Ndekirwa ulifika usoni, ukafuta jasho, ukashuka.

"Washa," alimwambia daktari.

Taa ikawaka nyekundu. Alikaa kidogo akitafuta maneno, na daktari aligeukia dirishani ili asimwone akiyatafuta.

"Wapare mna sifa," Ndekirwa alisema taratibu, "hamkubali hukumu ya mtu. Lakini wewe umevunja rekodi, Hakimu. Umekata rufaa juu ya hukumu yako mwenyewe, tena kabla wino haujakauka, na umeshinda."

Naghenjwa alikuwa bado analia kilipomtoka. Hakukiita. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na mashine ikakijua.

*

Aikande alisimama mlango ulipofunguka, kifuniko cha chupa tayari mkononi. Alimtazama mumewe akipiga hatua zake za kwanza kutoka chumbani. Alimshika kiwiko, akamkalisha kwenye benchi, akammiminia mtori na kumwekea bakuli mapajani, na Ndekirwa akalitazama tu bila kulishika. Nakunda aliangalia mmoja, akaangalia mwingine.

Aikande alichukua bakuli la pili, akalijaza, akachagua pande la nyama lililokuwa chini na kuliweka juu. Akampelekea Naghenjwa kwa mikono miwili.

"Kula, mama Nakunda. Una safari."

Naghenjwa alikuwa amejiandaa kukataa. Lakini mtori ulikuwa wa moto na mzito, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa, na kwa mara ya kwanza siku ile aligundua kwamba ana njaa. Alikula. Ulikuwa mtamu. Aliukomba mpaka chini ya bakuli, na Aikande alipomwuliza kama amwongeze, aliitikia kwa kichwa na kunyoosha bakuli.